Linki za Gari la Mke Wangu

Sikuwahi kuwa fundi mbaya. Naliweka hilo mbele mapema, kwa sababu haya ninayosimulia yanaweza kumdanganya mtu. Miaka kumi na mbili nilitengeneza malori ya pamba katika gereji ya chama cha ushirika hapa Bariadi, na dereva aliyetoka mikononi mwangu alikwenda Mwanza na kurudi akilalamikia jua tu. Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mafundi wao, gereji yetu ikapungua mtu mmoja mmoja, na zamu yangu ilipofika nilibeba spana zangu nikafungua kibanda karibu na soko. Sikulalamika. Mkono wenye kazi haukosi gari.

Lakini aliyeuelewa wakati ule kuliko mimi ni mke wangu. Alikuwa akinunua dagaa Lamadi na kuwauza Bariadi, na magari ya mtumba yalipoanza kumiminika kutoka Japani akajinunulia gari dogo jeupe, akang'oa kiti cha nyuma, akapakia magunia. Binti yetu wa miaka minne alisafiri naye kiti cha mbele, akiwasalimia wachunga ng'ombe wote dirishani.

Mwezi wa tatu gari likaanza kugonga. "Ni mbele, kushoto," mke wangu aliniambia. "Hasa nikiwa na mzigo."

Nililichukua nikaliendesha mwenyewe, tupu, hadi ofisi za wilaya na kurudi. Halikugonga. Nikamwambia ni magunia yake yanayocheza. Basi kwa kumridhisha nikainua gurudumu la kushoto kwa jeki, nikachungulia, nikakuta raba za linki zimekwisha. Chini ya gari kama lile kuna fimbo ya chuma inayotoka upande hadi upande, mafundi tunaiita stabilaiza, inayozuia gari lisilale kwenye kona. Linki ni bolti ndefu, nyembamba kama kidole, inayoishikilia fimbo hiyo kwenye mkono wa gurudumu, na raba zake huzuia chuma kisigonge chuma. Niliiona nikacheka. Katika lori, kitu kama kile ungefungia turubai.

Sikuagiza raba. Nilikwenda kwa mshona makatambuga, nikachukua vipande vya tairi, nikavikata duara na kuvitoboa. Huku kwetu kila mtu amekulia juu ya viatu vya tairi. Nilijiambia raba iliyowabeba wazazi wetu nyuma ya ng'ombe haitashindwa na kigari. Matundu ya fimbo na ya mkono wa gurudumu yalipokataa kukutana, niliyalazimisha kwa mtaimbo. Nati nikaikaza kama ninavyokaza springi za lori, mpaka raba ikabonyea kabisa.

"Limepona," nikamwambia.

Wiki ya pili, wakitoka Lamadi, bolti ikakatika kwenye kona. Gari lenye magunia likalala upande, likaacha barabara, likaenda kusimama katikati ya shamba la pamba la mtu. Hakuna aliyeumia. Mke wangu alirudi juu ya lori, mtoto mgongoni, akaweka kipande cha bolti mezani pembeni ya ugali wangu.

"Mtoto hapandi tena gari lile," alisema, "mpaka wewe upande kwanza."

Alinishika pabaya. Gereji ya ushirika ilikuwa na sheria yake: fundi aliyefunga gari husafiri nalo safari ya kwanza, likiwa na mzigo, pembeni ya dereva. Likiharibika, analala nalo porini. Sheria hiyo niliitimiza kwa madereva wote isipokuwa mke wangu. Mwanamume wa Bariadi apite sokoni amekaa upande wa abiria, mkewe kashika usukani? Niliona aibu. Kwa aibu hiyo niliendesha gari tupu, peke yangu, nikitafuta mlio uliokuwa kwenye mzigo wake na mwendo wake. Nusura aibu yangu iniulie watu wawili.

Gari lilipovutwa hadi nyumbani, nilimpa kondakta wa basi kile kipande kama sampuli. Akaniletea linki mbili mpya kutoka Mwanza, na raba zake, zimefungwa kwenye gazeti. Nikainua kushoto. Matundu yakakataa tena. Nikaunyoosha mkono kuchukua mtaimbo.

Mke wangu alikuwa kibarazani anapima dagaa. "Baba," aliniita, "mizani ukiinua upande mmoja, wa pili unafanyaje?"

"Unashuka."

"Na hiyo fimbo yako?"

Niliazima jeki ya pili, nikainua magurudumu yote mawili ya mbele ili fimbo ikae sawa, na bolti ikaingia kwa vidole viwili. Nakiri ilinikera. Nikabadilisha na ya kulia, nikalishusha gari likasimama kwa uzito wake, ndipo nikakaza, taratibu, na raba zilipoanza tu kutuna nikaacha.

Kesho yake tulikwenda Lamadi wawili, tukarudi na magunia. Barabara ilikuwa imejikunja kama bati, nami nimeinamisha sikio karibu na sakafu. Kimya. Kwenye ile kona mke wangu hakupunguza mwendo hata kidogo, na sikuthubutu kumwambia apunguze. Sokoni mwenzangu wa zamani wa gereji alituona.

"Mwadila, bhabha," alinisalimia kwa Kisukuma. "Leo na wewe ni gunia?"

"Mwadila. Leo ni fundi," nikamjibu, na nilijisikia hivyo kweli.

Nyumbani mke wangu akazima injini. Binti yetu alikuja mbio, akashika mlango, akasubiri.

"Apande?" mke wangu akaniuliza. Hakuwa ananitania.

Nikampandisha mtoto kwenye kiti, kisha nikashuka, nikalala chali kwenye vumbi, nikaingiza mkono nikashika nati ya kushoto, halafu ya kulia. Zilikuwa zimekaza. Juu yangu nilisikia visigino vya mtoto vikipigapiga kiti. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya lori lolote. Nikazishika tena.