Meno ya Tarumbeta

Nimepiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya matarumbeta na ngoma, ya kanisa letu la mtaa wa Murara tangu kabla sijaolewa. Anayepuliza anajua kwamba midomo peke yake haitoshi, lazima iegemee meno ya mbele. Kwa hiyo meno yangu manne ya juu yalipoanza kucheza na ufizi kutoa damu, sikuhofia sura. Niliogopa kunyamazishwa.

Daktari wa meno kule Keshero, kijana mwenye sauti ya upole, alinipeleka kwenye mashine inayozunguka kichwa na kupiga picha ya taya zote kwa pamoja, akanipa kijiti cha plastiki nikiume. Aliitazama picha, akatikisa kichwa.

"Mama, mufupa yenye inashika meno ya mbele iliisha. Yote ine itatoka."

"Itatoka iende wapi? Mi niko napiga trompeti!"

"Nitakuwekea ingine."

"Ya plastiki? Uliona wapi mutu anapuliza na plastiki?"

Nikamnyang'anya picha. Sikusomea mambo hayo, lakini macho ninayo. Magego yalionekana vizuri, kila mzizi na mfupa wake. Mbele palikuwa na ukungu mtupu. Nikamwambia wazi kwamba sing'olewi kwa ushahidi wa ukungu. Alikasirika. Mimi nilikuwa nimemtangulia.

Kisha akauliza, "Kale kaplastiki ka mbele, ulikauma muzuri?"

Kijiti kile ndicho kinachoweka meno mahali mashine inapoona. Mimi, kwa kuyahurumia meno yangu, nilikishika kwa midomo tu, kama ninavyoshika tarumbeta.

Kosa langu nililikubali, hukumu yake nikaikataa. Nikadai picha ndogo, zile zinazowekwa ndani ya kinywa, jino kwa jino. Umeme ukakatika mara mbili, nami sikubanduka kitini. Zilipotoka tuliziangalia pamoja. Mfupa ulikuwa umeliwa kweli, lakini mizizi mitatu ilikuwa bado imeshikwa hadi karibu nusu. Wa nne ulikuwa hauna mfupa wowote pembeni, mpaka nchani.

"Ile moja, toa," nikasema mwenyewe, na machozi yakanitoka.

Matatu yalisafishwa chini ya ufizi, tena na tena, kwa miezi kadhaa.

Jumapili niliyorudi, sauti ya kwanza ilitoka na mkwaruzo, hewa ikivuja pengoni. Kiongozi wa fanfari akanionyesha kwa mkono niketi. Nikaegemeza tarumbeta kwenye meno yangu matatu, nikapuliza tena, kwa nguvu zaidi.