Noti Yangu Katika Ukurasa wa Pili

Ile noti ya muziki niliichora mimi. Naanza na hilo kabla hujanizoea, maana ukishanizoea utaanza kunitetea, na mimi sitaki wakili. Niliichora kwa kalamu ya kuchovya na wino wa shule, juu ya karatasi ya mjomba wangu, karatasi aliyoitunza kuliko alivyotunza meno yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na saba, bado navaa kaptura na kupigiwa kengele ya kulala, na najua wazee watacheka: huyu naye ana kumbukumbu gani, utosi wenyewe haujashikana? Wacheke. Mimi mwenyewe nimecheka sana maishani, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kilichonikumbusha ni kinanda. Nimerudi likizo juzi, nikaingia kanisani kwetu huku juu karibu na Wundanyi. Sikuingia kusali, nisikudanganye. Niliingia kukimbia mvua. Nikakikuta kinanda pembeni kimefunikwa gunia la kabichi. Nikalifunua, nikakanyaga, nikabonyeza. Kikatoa pumzi tu, kama mzee anayeamshwa bila sababu. Panya wamekula mfuko wake wa upepo. Nikakifunika tena, nikakaa kwenye benchi la mbele, ambalo siku za ibada sijawahi kulikaribia, mpaka mvua ikaisha.

Mjomba ni mdogo wake Mama. Mama yao alikufa yeye akiwa bado anatambaa, na Mama, naye msichana tu, akambeba mgongoni akilima. Kwa hiyo pale kwetu alikuwa nusu ndugu yake, nusu mwanawe. Alifundisha shule yetu. Darasani nilimwita Mwalimu, nyumbani Mjomba, na nilimtania kwa majina yote mawili. Mchana alinichapa kwa fimbo ya mpera, jioni akanisukumia kipande chake cha nyama kama kwamba aliyenichapa alikuwa mtu mwingine.

Huku milimani kila mtu anaimba, na kila mtu anaimba kwa do-re-mi. Mjomba peke yake alisoma muziki wa mistari mitano, yale madoa meusi yenye mikia ambayo sisi watoto tuliyaita viluwiluwi. Padri alimwanzishia, kisha akamwacha aendelee mwenyewe. Akafanya mitihani midogo midogo akaimaliza, na mwaka ule, mwaka ambao shule ilipewa picha ya Malkia mpya na mimi nikaulizwa ni nani aliyemchorea masharubu, Mjomba akabakiza mtihani mmoja tu: diploma ya kupiga. Ile si ya kuandika. Unakaa mbele ya Mzungu aliyetoka Uingereza, unapiga karibu saa nzima, naye anaandika bila kukutazama. Huyo Mzungu huja Mombasa mara moja kwa mwaka. Mjomba akifaulu, chuo cha walimu kilikuwa kikimngoja akawe mwalimu wa muziki. Mkaguzi wa shule alimwambia kwa kinywa chake. Asipofaulu, angebaki na sisi na hesabu zetu za kugawanya zenye mkia mrefu. Mama alikitaja kile chuo kama watu wanavyotaja mbinguni, ila yeye alijua lori gani linafika huko.

Mwaka ule wote ulikuwa wa muziki, hata palipokuwa kimya. Alfajiri ukungu ukiwa bado umelala kwenye matuta ya maharagwe, nilikuwa nateka maji mferejini nikisikia kinanda kanisani, kile kikanyagio chake kikilia kwi-kwi, kwi-kwi, chini ya wimbo. Kinanda chenyewe kilikuwa kifupi kuliko piano. Zile sauti za mwisho hazikuwepo, basi Mjomba alizipiga hewani, kidole kikishuka mahali pasipo na kitu. Jumamosi nyingine alishuka Voi juu ya lori la mboga, kwa karani Mgoa wa reli aliyekuwa na piano ya kweli sebuleni, na mke wa karani akimwachia apige huku yeye anakaanga vitunguu. Na nyumbani palikuwa na ubao. Aliuchoma kwa msumari wa moto, akachora vibonyezo vyote, vyeupe na vyeusi, na jioni akaulaza mapajani jikoni. Mama anaponda kimanga, muhogo na maharagwe pamoja, mwiko unagonga chungu, na vidole vya Mjomba vinagonga ubao, tu-tu-tu, bila sauti yoyote. Mama alikuwa akisema, "Punguza kelele, nasonga chakula," na wote tunacheka.

Wimbo mkubwa wa mtihani ulikuwa wa Mjerumani mmoja aliyekufa zamani. Kitabu kilikuwa cha padri, na padri alikuwa anakaribia kwenda likizo kwao, basi Mjomba aliunakili wote kwa mkono, mwezi mzima, kwa rula na wino mweusi wa chupa. Alinakili vizuri hata ungedhani ni mashine. Na alikuwa na msemo wake, aliousema kwaya nzima ikikosea: "Karatasi haikosei. Kinachokosea ni kidole."

Msemo huo ndio ulionichokoza.

"Mjomba wangu huyo," nikamwambia rafiki yangu wa dawati moja, "doa lolote likikaa kwenye mstari atalipiga."

"Hata nzi akinya?"

"Hata nzi akinya, mbona!"

Tukawekeana dau la kiazi kitamu. Siku iyo hiyo, Mjomba ametoka kupiga kengele, nikafungua mkoba wake nikatafuta mahali. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho wa sehemu ya polepole, palikuwa na noti tatu zimeshikana kwenye mkia mmoja. Nikaongeza ya nne chini yake. Doa moja, duara zuri. Hata sikutia jasho.

Jumamosi tulikuwa tunafagia kanisa, naye anapiga. Akafika pale. Kikatoka kitu, siwezi kukieleza vizuri, kama mtu anayetaka kusema neno zito halafu akalimeza. Akasimama. Akapiga tena. Akainamia karatasi, akajivuta sikio, akasema peke yake lakini kwa sauti, "Karatasi haikosei." Akapiga mara ya tatu, na mara ya nne akapita bila kusita. Sisi tulikuwa chini ya benchi tunauma mikono ya mashati.

"Nini kinawachekesha huko nyuma?"

"Hakuna kitu, Mwalimu!"

"Chekeni. Aliyetunga hii kama angewajua ninyi angelima viazi."

Kiazi nilikila siku ya Jumatatu. Nilitaka kumwambia Jumanne. Lakini Jumanne nilikuwa na kosa jingine la kuchapwa, nikaona nisiyachanganye. Jumatano padri akaondoka, na kitabu chake mkobani. Basi ikawa duniani kote, kwa Mjomba, wimbo ule ni ule ulio kwenye karatasi yake, na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Nadhani umeshawahi kuona jinsi jambo dogo linavyokataa kusemwa. Wiki ya kwanza ni la kuchekesha. Wiki ya tatu si la kuchekesha tena, na wala huwezi kulisema, maana utaulizwa ulikuwa wapi wiki ya kwanza. Mwezi wa pili nikaanza kuogopa ubao. Sauti hakuna, lakini mimi niliona kidole cha nne kikiteremka kwenda kwenye doa langu, kila jioni, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe. Hata Mama akaichukua. Alikuwa anauimba ule wimbo mdomo umefumbwa akipanda matuta na kapu la samadi kichwani, na akifika pale anashuka na noti yangu. Kwaya ya akina mama ikaichukua kwake. Nikawa nasikia kosa langu likitoka mashamba matatu. Na siku moja Mjomba aliporudi Voi alituambia mke wa karani ameacha vitunguu vikaungua, amekuja mlangoni, ameuliza, "Hapo, hapo umefanya nini?" Mjomba akamjibu ndivyo kulivyoandikwa. Yule mama akasema basi huyo mtunzi alikuwa na huzuni asiyotaka ijulikane. Mjomba alitusimulia hayo macho yakimng'aa. Mimi nilisema naenda kufunga mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa.

Siku ya safari ilipofika, nikajitolea kumbebea mkoba mpaka Voi. Mama akashangaa, mimi kujitolea! Tulikaa juu ya magunia ya koliflawa, Mjomba ndani ya suti ya kuazima, leso shingoni kuzuia vumbi. Kutoka Mwatate kwenda chini joto likaanza kutupanda. Nilikuwa nimeamua. Padri alitufundisha kwamba dhambi ikiungamwa hufutika, na mimi nilikuwa nimechoka kulala na ile yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiona, rafiki yangu: shujaa anakwenda kuungama.

Stesheni kulikuwa na jua lile la Voi lisilo na huruma. Gari la moshi la Mombasa lilikuwa limeshaingia, linatema maji. Watu wa mkonge walikuwa wanapandisha masanduku.

"Mjomba."

"Sema upesi."

"Ile noti ya ukurasa wa pili. Ile ya chini. Si ya Mjerumani."

"Ni ya nani?"

"Yangu."

Akacheka. Alinijua. "Leo siyo siku ya utani, mpwa wangu. Lete mkoba."

"Wallahi, Mjomba," nikasema, mimi Mkristo, nikiiga Waswahili wa stesheni kwa kuchanganyikiwa. "Tazama juani."

Akatoa karatasi, akaiinua. Kanisani kwetu ni giza, na nyumbani ni taa ya chemni. Doa langu lilionekana jeusi kama mengine. Juani pale Voi lilikuwa la samawati, wino wa unga wa serikali, linang'aa peke yake katikati ya weusi wote. Alilitazama muda mrefu. Kengele ikapigwa. Akaikunja karatasi pale pale mkunjo wake wa zamani, akairudisha, akaniwekea mkono kichwani.

"Asante kwa kuniambia," akasema, akapanda.

Na mimi, mbele ya Mungu, nilijisikia mwepesi. Niliwapungia mkono hadi behewa la mwisho. Nikarudi nyumbani juu ya magunia matupu nikiimba.

Alirejea siku ya tatu. Nilipoliona lori nikajificha nyuma ya zizi, kando ya ukuta wa jikoni, na yote niliyasikia kupitia udongo.

"Kaa kwanza, unywe uji," Mama alisema. "Habari za huko?"

"Njema, dada." Nikasikia kigoda kikivutwa. "Sikuweza."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilipiga vizuri, hata yule mzee akaacha kuandika, akanitazama. Kisha ukurasa wa pili nikafika mahali, kidole kikasimama. Kilitaka kushuka, nikakizuia. Nilipokizuia vingine vyote vikasahau njia. Nikaanza tena, kikasimama pale pale. Mara ya tatu akaniambia asante, inatosha."

"Kwa kidole kimoja?"

"Ukikosea noti wanasamehe, dada. Wanakuandikia umekosea, unaendelea. Kusimama hawasamehe."

Mama akamuuliza ni nini kilichokizuia kidole. Nikafunga macho. Mjomba akasema ni joto la Mombasa. Kisha akatoka, akaenda kukaa mwisho wa shamba, suti ile ile, ameipa nyumba mgongo. Hakunitaja. Siku ile wala baadaye, hadi leo, hakunitaja.

Barua ilikuja ikasema yaliyokwisha kujulikana. Watu walimwambia atajaribu tena mwaka ujao, naye akaitikia. Mwaka uliofuata akahamishwa kwenda Bomeni, upande wa Taveta, shule isiyo na kinanda, akafundishe hesabu. Yuko huko. Ananiandikia barua za mwandiko mzuri, ananiuliza masomo, ananitania kuhusu ndevu ambazo hazijaja. Muziki hautaji. Likizo hii nimepanda matuta yote ya kwetu nikitega sikio. Kwaya ina nyimbo mpya, za do-re-mi. Wazee wanakohoa, mferejini maji yanapita, mbuzi wanalia kama zamani. Ule wimbo haupo. Haupo hata kwa makosa. Nilidhani mlima ukishashika jambo haulisahau, kumbe mtu mmoja tu alikuwa anaushikia. Nimejaribu kuuimba mwenyewe pale kanisani, na nilipofika mahali pale sikujua niende wapi, juu kwa Mjerumani au chini kwangu.

Lakini siku ile Mjomba alipotoka jikoni, mimi niliingia. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia yote: kiazi, doa, miezi yote ile, na stesheni. Nilipofika stesheni nililia, na huku nalia nilikuwa nangoja anisifu kidogo kwa kuwa mwishowe nilisema ukweli. Hakuinua fimbo. Hakuinua hata macho. Alichambua mpaka ungo ukabaki safi, kisha akasema hivi, siongezi neno:

"Siku ile ya kwanza ungesema, angekuchapa yakaisha. Siku ile stesheni ungenyamaza, angerudi na karatasi yake ya diploma. Ulimwambia kwa sababu wewe ulikuwa umechoka. Sasa panguza uso, umpelekee uji wake, na ukifika usimwombe msamaha. Mwamkie tu, ukae naye."