Mbuzi Aliyenuka Mbao

Verediana binti Zabron Kalinga, mchoma nyama wa Ipogolo, hakuzaliwa kwa watu wa kukaa bure. Baba yake Zabron alipanda miti ya misindano katika msitu wa Sao Hill angali kijana, akaipasua mbao alipokuwa mtu mzima, akazikwa katika sanduku la mbao hizohizo. Bibi yake, Rozalia wa Kalenga, aliwahi kulisha harusi nzima kwa mbuzi mmoja na hakuna mgeni aliyenung'unika njiani. Na Verediana mwenyewe, msomi wa darasa la saba, alipofiwa na mume wake dereva wa lori hakurudi kwao Mafinga kulia. Alikata pipa katikati, akalitia mkaa, akaliweka kando ya barabara kuu pale malori yanapopumzika. Akachoma mbuzi, akasomesha watoto, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Madereva walipenda kusema, "Hata matofali hayo kayachoma mwenyewe, mkono uleule."

Watu wa Iringa mjini walikuwa wanateremka mlima mzima Jumamosi kuja kula kwake. Hilo alilijua na hakulificha.

Lakini moshi nao hauna adabu. Ulimwingia machoni miaka yote hiyo, mpaka akawa anamtambua mtu kwa kikohozi kabla ya kuiona sura. Daktari wa macho akamwambia, "Mama, uchague: moshi au macho."

"Baba," akajibu, "mbuzi haombewi akaiva."

Mwanawe Ambrosi, seremala wa Mafinga, ndiye aliyepata dawa. Bwana mmoja wa misitu alikuwa anarudi kwao Ulaya, akamwachia jiko la ajabu pamoja na mifuko kadhaa ya peleti. Jiko jeusi, lina magurudumu mawili na mfuniko kama boneti ya gari. Ubavuni lina sanduku la kumiminia peleti, yaani vipunje vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, ukiviona utasema chakula cha kuku. Chini ya sanduku kuna parafujo ndefu kama ile ya mashine ya kusagia nyama. Umeme unaizungusha, yenyewe inasukuma peleti motoni kidogokidogo, feni inapuliza, na moshi unatokea kwenye bomba lake huko nyuma.

"Unabonyeza namba ya joto, mama," Ambrosi alieleza, "unafunga mfuniko, unakaa."

"Nakaa?"

"Unakaa."

"Hapo ndipo umenitisha."

Ambrosi akacheka, lakini neno lake alilisema. "Tukubaliane, mama. Jiko hili likikufaa, unaendelea kuchoma mpaka uchoke mwenyewe. Likikushinda, pipa nalivunja, moto unaacha, unakaa kwenye mkeka na mabibi wenzako mnamenya karanga. Macho yako nayataka mimi."

Verediana aliutazama mkeka wa karanga uliokuwa umeanikwa kwa jirani. Alikuwa hajaona kitu kinachofanana na kaburi kama mkeka ule. Akasema, "Leta hizo peleti."

Siku za mwanzo madereva walimchezea sana. "Mama Ambrosi! Umeanza kulilisha jiko pumba? Litataga lini?"

"Litataga siku utakayokula kwa mkono mmoja," akawajibu, nao wakala kwa mikono miwili kama kawaida, maana nyama ilikuwa laini na ina harufu tamu ya mti wa matunda. Peleti za yule bwana wa misitu ndivyo zilivyokuwa.

Ambrosi akamwingiza mama yake katika kundi la WhatsApp la wenye majiko ya namna hiyo. Hawakuwa wengi, lakini kelele zao zilitosha wilaya. Shemasi Silvester wa Mafinga alisimulia kwamba aliziacha peleti ndani ya sanduku, ukungu wa Mufindi ukashuka, peleti zikaunywa zikavimba zikawa uji, uji ukakauka kwenye parafujo ukawa saruji. "Nimegonga kwa nyundo na kwa sala," alisema, "nyundo ndiyo imejibiwa." Anyelwisye, mwenye baa pale Uyole, Mbeya, habari yake ilikuwa ya umeme. Ulikatika, ukarudi, jiko likajirundikia peleti bila kuwaka, na alipofunua mfuniko moto ukaruka kama paka. Sauti yake ilikuja imenyong'onyea: "Ndugu zangu, nyusi zimeenda."

Verediana alisikiliza yote hayo kama mtu asikilizaye mahubiri. Kisha akafanya yake. Kila jioni alilimaliza sanduku mpaka chini, akafagia majivu, akalifunika jiko kwa blanketi kuukuu. Umeme ukikatika, alilihamishia kwenye betri ya sola ya televisheni, na wajukuu wakose mpira. Jiko lake halikuziba wala halikuruka. Akawa yeye ndiye mwalimu wa kundi.

"Jiko ni kama mume," aliwaambia kwa sauti ndefu zilizokuwa zinamaliza bando za watu. "Ujue linanuna kwa lipi, mtazeeka wote."

Basi, kitinda mimba wake Faustina akapata mchumba, Saulo, kijana wa Tukuyu. Na baba mdogo wa Saulo, aliyepewa kuongoza msafara wa kuleta posa, alikuwa nani? Anyelwisye wa Uyole, mwenye nyusi zilizoenda. Kundi zima likashangilia. Verediana naye akaahidi mbele ya wote kwamba wakwe watakula mbuzi wa jiko, na wakirudi Mbeya watamwita fundi aje kuwaunganishia bomba la nyama hiyo mpaka Ipogolo.

Kumbe mifuko ya yule bwana wa misitu ilikuwa imekwisha.

Anyelwisye akamtumia sauti: "Mkwe wangu, nina mfuko mzima hapa, wa mti wa matunda. Nitakuja nao. Zile peleti za Mafinga usiziguse, zile ni za msindano, watu wanachemshia maji."

"Mkwe," Verediana akajibu, "mgeni haji na kuni."

"Lakini mkwe..."

"Msindano ndio ulionilea. Umenisomesha, umenivisha, umemlaza baba yangu. Leo ndio uniaibishe kwa mbuzi? Njooni mle."

Ambrosi akaagizwa, mfuko ukaja kutoka Mafinga, mpya, unang'aa. Aliyeufungua ni Sekela, mke wa Ambrosi, mama wa Yotamu. Naye ni mtu wa Tukuyu, mwenye maneno machache na pua nzuri. Aliinusa ile peleti, akasita.

"Mama, hizi zinanukia kanisa jipya."

"Kanisa jipya ni harufu mbaya, Mama Yotamu?"

"Hapana, mama. Ila sijawahi kuonja kanisa."

Verediana akamtuma akamenye vitunguu.

Siku ya wakwe ilipofika, mbuzi watatu walikuwa wamechunwa tangu alfajiri. Siku zote Verediana huanza kwa kipande kidogo, akakionja, ndipo akaweka nyama ya watu. Siku hiyo hakuanza na kipande. Alimpanga mbuzi wa kwanza mzimamzima, akabonyeza namba, akafunga. Jiko liliunguruma vizuri. Alipofunua, nyama ilikuwa na rangi ya asali, ungeipiga picha. Alimkatia Ambrosi paja.

Ambrosi akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena polepole, kama mtu anayetafuta jina la jambo analolijua.

"Mama, nimekula kiti."

"Kiti gani?"

"Kipya. Hata vanishi haijakauka."

Verediana akamnyang'anya lile paja, akauma mwenyewe. Utomvu! Ulimganda ulimi mzima, mchungu, kama dawa ya kufutia rangi. Alitema kwenye majivu. Sekela, kule kwenye vitunguu, hakuinua macho, na kwa hilo Mungu ambariki.

Simu ikalia. Sauti ya Anyelwisye, na nyuma yake akina mama wanaimba ndani ya gari: "Mkwe, tumeshapita Mafinga! Mate yanatutangulia!"

Jicho la Ambrosi lilikwenda kwa jirani, kwenye mkeka wa karanga, likarudi. Verediana aliliona, pamoja na ubovu wote wa macho yake.

Akaketi kizingitini. Alifikiri habari ya wakwe, akafikiri habari ya mkeka, na katikati ya hayo mawili akaja baba yake. Akamwona Zabron kambini, msituni, nyama ya Krismasi ikiwa kwenye kisu. Kando yake kuna lundo la mabanzi ya msindano refu kama nyumba. Lakini Zabron analipita lundo hilo, anateremka mpaka kijitoni, anavunja matawi makavu ya muwati, mti wa mkaa mzuri, anapanda nayo mlima akihema. Naye Verediana, msichana mdogo, anamuuliza: "Baba, kuni si hizi hapa?" Na Zabron anasema bila kugeuka: "Hizo ni za kulalia na kukalia, mwanangu. Za kulia nyama ndizo hizi."

Aliambiwa. Tena na mwenyewe aliyeupanda msitu.

Akasimama. "Ambrosi! Pipa umeshalivunja?"

"Bado, mama, lakini moshi huugusi. Tulikubaliana."

"Nani kasema naugusa? Tia mkaa wa miwati. Mama Yotamu, acha vitunguu, njoo hapa."

Sekela akaja anajifuta mikono kwenye kanga. "Mama, mimi sijawahi kuchoma."

"Pua unayo. Mikono yako nitaiazima maneno." Akavuta kigoda, akakiweka mbali, upande upepo unakotoka, akaketi kama jaji. "Panga. Mfupa chini. Si hapo, hapo ni kwenye ndimi za moto. Hapo! Sasa nyamaza, sikiliza. Unasikia mafuta yanavyolia?"

"Nasikia."

"Hivyo yanalia kwa furaha, yaache. Yakianza kulia kama mtoto aliyefinywa, geuza."

Sekela akasikiliza. Jasho linamtiririka, machozi ya moshi yanamtoka, na bado anasikiliza. Kuna mahali alinyoosha koleo na kugeuza ubavu kabla Verediana hajafungua kinywa.

"Na jiko nilizime?" Ambrosi akauliza.

"Ulizime lina kosa gani? Lete sufuria."

Msindano ulikuwa wa kuchemshia, Anyelwisye alikwishasema. Wali na ndizi vikaingia kwenye sufuria, majani ya mgomba juu, mfuniko juu ya majani, jiwe juu ya mfuniko. Moshi haukupata pa kuingilia. Jiko likashika namba yake bila kutetereka mpaka chakula kikaiva, wala hakuna aliyelikodolea macho.

Wakwe wakateremka na ndizi zao na maparachichi na vigelegele. "Kamwene!" wenyeji wakawaamkia kwa Kihehe. "Ndaga, ndaga!" wageni wakashukuru kwa Kinyakyusa. Anyelwisye alikuwa bwana mrefu, na nyusi zake zilikuwa zimeanza kuota kama miche ya kitaluni. Alinawa, akachukua nyama, akaila akiwa amefumba macho.

"Mkwe, hii siyo ya jiko."

"Siyo."

"Nani kachoma?"

"Sekela, mke wa Ambrosi."

"Sekela wa kwetu Tukuyu?" Akawageukia watu wake. "Jamani! Tumesafiri kutwa kumbe tumekula kwetu! Posa gani tena, tumchukueni bibi harusi twende!"

Wageni wakaangua kicheko. Verediana akangoja kiishe. "Mikono yenu," akasema, "ulimi wangu."

Angeweza kuishia hapo, maana hakuna mgeni aliyejua kilichotokea. Lakini binti Zabron hafichi sufuria uvunguni. Aliingia ndani, akatoka na paja jingine la yule mbuzi wa rangi ya asali, akaliweka mbele ya Anyelwisye watu wote wakiona. "Hii ndiyo ya jiko, kwa msindano. Uliniambia, nikakataa. Onja ucheke, tumalize, tuzungumze habari za watoto."

Anyelwisye akauma. Akatafuna kwa heshima zote. "Mkwe," akasema mwishowe, "hii usiitupe. Mwanao aitengenezee mlango."

Alicheka Verediana kuliko wote, mpaka macho yake mabovu yakatoa machozi yasiyo ya moshi. Posa ikapokelewa.

Jua lilipoinama nyuma ya mlima na gari la wakwe limeshaondoka, Ambrosi alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda cha mama yake. "Sasa mama, tuseme jiko limekushinda au halijakushinda?"

"Jiko lilitenda nilichokitia. Tatizo lake halina mdomo. Mama Yotamu anao, na sikumsikiliza." Akanyoosha kidole kwa jirani. "Huo mkeka wa karanga ulete."

"Mama, mimi sikusema leo..."

"Ulete. Nitamenya. Lakini utautandika hapahapa, upepo unakotoka, na hakuna nyama itakayokwenda kwa mtu kabla sijaionja."

Kisha akamwita Sekela, aliyekuwa anayakusanya majivu ya pipa. Akampa koleo lake, lile la mpini uliofungwa mpira wa tairi, ambalo hata Faustina alikuwa haruhusiwi kulishika.

"Jumatatu utapanda gari uende Mafinga, kwa mwenye mashine ya peleti. Mtafutie vumbi la muwati mkavu, akushindilie hilo, asichanganye hata konzi moja ya msindano. Akikubishia, mwambie umetumwa na binti Zabron. Usibebe mfuko kabla hujachoma kipunje kimoja ukakinusa. Kikinuka kanisa, kiache. Ukirudi, sitaki kuambiwa moto umewashwa na nani. Unawasha wewe."