Jina Kwanza, Msumari Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya, Shefu wa ghala alinipa chaki na kunionyesha misumari ukutani. Hapo Rumonge, kando ya ziwa, tulitengeneza karabai, taa za pampu ambazo wavuvi huziwasha ziwani ili ndagala, yaani dagaa, wakusanyike. Asubuhi mvuvi alileta taa, nami niliitundika kwenye msumari wenye namba, kisha nikaandika ubaoni jina lake na namba ile. Jioni alitaja jina tu, nikajua mkono uende wapi. Ninyi waandishi wa programu mnaliita jina ufunguo, na msumari thamani. Mpangilio wote sisi tuliuita ubao.

Nilipenda kuuchungulia. Hamisi wa Rumonge na Yohana wa Gatete walichanga wakanunua taa moja, hivyo majina yao yote mawili yalielekea msumari wa tisa. Haikumsumbua mtu, maana swali lilianza na jina.

Mwaka wa sabini na mbili swali liligeuka. Watu waliuawa, wengine wakavuka ziwa, na walioleta taa asubuhi hawakurudi jioni. Niliziangalia zile taa kwa uchungu. Likaja agizo kwamba taa isiyo na mwenyewe iuzwe. Ili kila taa ijulikane ni ya nani, Shefu akaugeuza ubao, akanakili upande wa nyuma: msumari kwanza, jina baadaye, jina moja kwa kila msumari. Likija la pili, alifuta la kwanza.

Akaja Mwajuma, mke wa Hamisi.

“Shefu, taa ya bwana yangu iko? Kaka yangu atavua nayo, watoto wapate kula.”

Shefu alisoma upande mpya. “Jina ya Hamisi haiko, mama.”

“Bwana haiko, na jina nayo haiko?”

Mimi kuna jambo lilikuwa likiniwasha tangu asubuhi. “Shefu, upande ya zamani majina ilikuwa mingi kuliko huku. Ingine ilienda wapi?”

Tukaugeuza ubao pamoja. Hamisi, tisa. Yohana, tisa. Jina la Yohana lilikuwa limemsukuma mwenzake nje.

“Tuandike yote mbili,” alisema Shefu. “Musumari moja inaweza kubeba watu wawili.”

Tangu hapo kila msumari ulipewa mstari mrefu, wa kutosha majina yote. Nanyi mkigeuza data zenu, hesabuni majina kabla na baada.

Nilimpa Mwajuma taa, nikainua kitambaa nifute mstari wote. Akanishika mkono.

“Ya Yohana uache. Akirudi, umwambie taa iko kwangu. Asante, murakoze.”

Baadaye nilikuwa Shefu mimi mwenyewe, na chaki ilipofifia nililiandika upya lile jina. Yohana hakurudi. Siku niliyostaafu msumari wa tisa ulikuwa mtupu, nami nilimwonyesha aliyenirithi jina la kutofuta.