Kiapo cha Kutopanda Ngazi za Sefu

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa nimejitahidi kuisahau. Ni siku niliyomkuta mteja wangu, Mama Beya wa Lubumbashi, akishuka ngazi za Sefu pale Mtaa wa Sikukuu, na nyuma yake Chande kambebea mkoba. Mkoba ule nilikuwa naubeba mimi.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hawa watu nitawataja kwa majina na simwogopi mtu.

Nilikuwa winga Kariakoo. Winga hana duka. Duka lake ni mdomo na miguu: anampokea mgeni, anajua kitenge gani kiko kwa nani, anampeleka, naye anapata chake juu ya bei. Nimeishia darasa la saba kule kwetu Lindi, lakini kitenge nilikuwa nakijua kwa kukishika tu, nimefumba macho. Na Mama Beya alikuwa wangu. Akifika gesti, kabla hata hajaoga, anauliza Idi yuko wapi. Mke wangu na wanangu walikula kwa sababu ya mama yule.

Sasa Sefu. Tulikuwa tunagawana godoro chumba kimoja kule mtaa wa Gerezani, yeye fundi redio. Akapotea, kuja kuonekana ana kompyuta kuukuu, kapanga chumba ghorofani, anavuta waya juu ya mabati kutoka duka hadi duka. Alikuwa na vijana wenziwe Lubumbashi na Moroni wanaofanya kazi hiyo hiyo, wanaandikiana, wanapeana ujuzi. Mchana kutwa anahubiri sokoni: "Kompyuta moja ni sanduku tu. Iunganishe na ya Moroni, imeshakuwa barabara."

Na wa kwanza kufuatwa na Sefu nilikuwa mimi.

"Idi, mimi nazijua waya, wewe unawajua watu. Njoo ukae mezani. Mteja akiuliza kutoka kwao, jibu wewe."

Wivu ukanipanda. Huyu wa godoro moja, leo ananipa mimi kiti? Nikamjibu mbele za watu, "Nenda zako, we fundi redio! Mteja wangu anataka kushika kitenge, hataki picha." Watu wakacheka. Sefu hakucheka.

Basi mawinga tukakaa kikao. Aliyesimama kuongea ni Chande, mtoto wa mjini, ulimi asali. "Akipanda mmoja wetu ngazi za Sefu tumekwisha wote," akasema. "Mteja akiiona bei akiwa kwao, winga wa kazi gani?" Tukaapa, kila mtu kwa dini yake. Chande aliapa kwa sauti kutushinda wote.

Kiapo kile nilikishika. Nikawa nakaa kwenye kona natazama watu wanavyopanda na kushuka, wenye maduka, Wakomoro, wageni wa Zambia, na kila aliyeshuka akicheka niliona ananicheka mimi. Watu husema wivu uko moyoni. Uongo, mwanangu. Uko tumboni. Hata wali ulikuwa haushuki.

Mama Beya hakuonekana msimu ule, wala uliofuata. Nikasema labda vita, nikasema labda barabara mbovu. Mpaka siku hiyo ya ngazi. Nilimkimbilia, akashtuka kama kaona mzimu.

"Papa Idi! Kumbe uko hapa? Nilikuulizaka ku mashini ya kule Lubumbashi, kila mara. Bananijibu ulirudia kwenu Lindi, kulima korosho."

"Nani alikujibu hivyo?"

Mama akamgeukia Chande. Chande akainama, akaangalia viatu vyake. "Mwana, biashara tu," akasema. "Kiti kilikuwa kitupu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyetuapisha tusipande, mwenyewe alikuwa anapandia mlango wa uani. Na Sefu naye namtaja: jina langu liliulizwa mezani kwake, akasikia linavyozikwa, akanyamaza. Nilipomfuata, alinijibu neno moja tu, "Ulinifukuza mbele za watu, Idi."

Nikaenda kwa Bi Tausi, muuza supu pale pale mtaani, mzaliwa wa Kariakoo, aliyetuona sote tukifika mjini na vifurushi vyetu.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Sura gani hiyo, umemeza ndimu?"

Nikamweleza yote, nikitaraji pole. Yeye anakoroga sufuria, hata kichwa hakuinua.

"Chande mwongo, atajibu kwa Mungu. Lakini wewe umeitwa kutoka Kongo, umeitwa na kuitwa, ukaziba masikio kwa kuwa aliyeleta sauti ni mwenzio wa godoro. Tangu lini mteja akafungwa kamba kama mbuzi? Ungekuwa umekaa juu kule, Chande angesema uko Lindi kwa mdomo gani?" Akanisogezea bakuli. "Haya, kunywa uondoke. Unanizibia wateja."

Mama Beya hakurudi kwangu. Mteja akishahama, harudi. Leo Chande ana ghorofa Mtaa wa Narung'ombe. Sefu anaitwa nchi za watu, kadi imening'inia shingoni, anaeleza namna ya kuyaunganisha masoko ya Afrika, na kitenge hakijui mbele wala nyuma! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Moroni na Kongo wanaongea na Kariakoo kama majirani wa ukuta mmoja, na yeye alikuwa mmoja wa walioanza. Lakini nikimwona kwenye televisheni, naizima. Sikudanganyi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Akija mtu kukuunganisha na watu wa mbali, usimpime kwa umaskini mliougawana jana. Panda. Kaa mezani wewe mwenyewe, ujibu kwa mdomo wako, maana ukimwachia mwingine akusemee atakuzika ungali hai. Anayekuapisha usiende, mfuate uone yeye anakwenda wapi. Na ukishafika, mvute na jirani. Mtandao wa Kariakoo peke yake ni kelele za sokoni. Mtandao huo ukifika Lusaka, ukafika na vijijini kwetu Lindi, hata winga wa mwisho ataitwa kwa jina lake.

Mungu akupe sikio la kusikia unapoitwa. Akupe marafiki katika nchi usizozijua, na riziki yako ikukute umekaa mahali pako. Na wivu huu nilionao, nizikwe nao mimi, wewe usiurithi.