Aliyeniitikia Kila Mwaka

Habari ilinifikia ofisini, asubuhi, kwa ujumbe mfupi wa simu: mwenzetu tuliyesoma naye chuo amefariki dunia, na amekwisha kuzikwa kwao Haneti siku mbili zilizopita. Yeye alikuwa Mgogo, mimi Mnyamwezi. Kwa utani wa makabila yetu nilipaswa kuwapo kaburini, niwasumbue wachimbaji, nimseme marehemu kwa uvivu wake wote, wafiwa wapate kucheka katikati ya kilio. Kutoka kwangu Nzuguni hadi Haneti si safari ya kulala njiani. Lakini saa ile aliyokuwa akishushwa ardhini, mimi nilikuwa nasahihisha muhtasari wa kikao ambacho leo sikumbuki kilihusu nini.

Tulisoma katika chuo kidogo cha huku uwanda wa kati, kilichoanzishwa na walimu kutoka Uskoti. Siku hizi ni chuo kikuu chenye maghorofa. Kila mwaka, mvua zikishakatika, hufanyika sherehe ya kuwakumbuka waasisi hao. Wanaume huvaa sketi za mirabamiraba, zumari lenye mfuko hulia, na ngoma za akina mama wa Kigogo hulijibu. Mwaka wetu wa kwanza hakuna mvulana wa darasa letu aliyekubali kuvaa sketi ile. Yeye akaichukua, akajifunga. "Mnaogopa nini?" akawauliza. "Hii ni lubega tu, imetoka begani imeshuka kiunoni." Mwaka uliofuata mfuko wa zumari ulipasuka, akaenda nao kwao, akaurudisha ukiwa wa ngozi ya mbuzi, umeshonwa na baba yake kama vile mifuko ya kuwekea asali. Nilipousogelea nikaziba pua. "Mtani, mbona Uskoti kunanuka beberu?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Afadhali beberu. Nyie babu zenu walipita kwetu wamebeba mizigo ya watu, na jasho lao hatujalisahau." Mwalimu wetu wa Kiskoti, mzee mpole, aliomba atafsiriwe, akacheka mpaka akavua miwani.

Kilele cha sherehe ni wito. Waskoti, tuliambiwa, huita koo zao. Sisi huita majina ya wahitimu, darasa baada ya darasa. Aliyepo huitika "Nipo!" Asiyeweza kufika huitikiwa na rafiki. Aliyefariki haitikiwi na mtu. Uwanja hunyamaza kidogo, kisha msomaji huendelea. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikienda. Baadaye nikapanda cheo, nikapata watoto, nikajenga, na kila sherehe ikakuta nina kikao. Yeye alifundisha sekondari hukohuko kwao na hakukosa hata mara moja. Kila jioni ya sherehe simu yangu ilikuwa ikilia: "Nimekuitikia, mtani. Nimewaambia yuko njiani, mizigo imemlemea. Mwakani njoo ujisemee mwenyewe." Nami nilikuwa nikijibu, "Mwakani, mtani, Mungu akipenda." Nilimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma: kila mara nilimaanisha.

Mwaka huu nilikwenda. Nilikaa safu ya nyuma kama mgeni, kwa sababu nusu ya nyuso sikuzitambua. Zumari lilipulizwa na kijana wa mwaka wa pili, na upepo ulipogeuka niliupata ule mnuko, hafifu sana, wa ngozi ya mbuzi. Nikalazimika kuinama kama ninayetafuta kitu mkobani. Darasa letu likafikiwa. Likaitwa jina lake. Kimya kikaanza, na nikajua kwamba kama kuna mtu mwenye ruhusa ya kukivunja ni mimi. Nikasimama. "Yuko Haneti!" nikapaza sauti. "Amelala! Wagogo hawa, ukiwaacha kidogo tu wanalala!" Akina mama wa ngoma ndio walioanza kucheka, kisha mmoja wao akalia kwa sauti, kisha uwanja wote ukawa hivyo, nusu kicheko nusu kilio. Nilikuwa nimechelewa kwa wiki nne, lakini nilifanya kazi ya mtani.

Majina yakaendelea, likafika langu. Nikaona wenzangu wawili watatu wakitazama upande ule alipozoea kusimama mtani wangu. Hata mimi nilitazama. Kwa pumzi moja nzima nilisubiri ile sauti iseme niko njiani, na uwanja ukaanza kuninyamazia kama wanavyonyamaziwa waliokufa. "Nipo," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Nimetafakari sana tangu siku ile. Tunadhani tunakumbukwa mahali fulani kwa sababu tuliwahi kuwa watu pale. Kumbe yupo mmoja anayesimama kila mwaka na kututetea, na siku akiondoka tunafutika pamoja naye. Msomaji wangu, kama yupo anayekuitikia mahali ambapo hufiki, nenda mwaka huu, ungali unaweza kumkuta amesimama.