Kigoda cha Nyuma ya Jiliwa

Wifi yangu alikuwa na kigoda chake nyuma ya jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, kwenye kona ambapo meza ya kazi inakutana na ukuta. Kufika pale unapita upande upande kama kaa, tumbo umelivuta ndani, na ukishaketi baba mkwe anasogeza kiti chake na kuiziba kona. Ukitaka kutoka, hata kama umebanwa na haja, lazima yeye asimame kwanza.

"Mimi humu ni nati iliyoshika kutu," wifi alikuwa akisema. "Na spana yenyewe baba ameikalia."

Alikuwa anacheka wa kwanza, ili sisi tusipate nafasi ya kumwonea huruma.

Baba mkwe ni fundi baiskeli. Mtaa mzima wanamwita Fundi Sikio, kwa sababu haachii baiskeli itoke mlangoni kabla hajazungusha pedali kwa mkono, kainamisha kichwa karibu na cheni, macho kayafumba, anasikiliza. Akisema "imekaa," ujue imekaa. Watu walidhani kule kufumba macho ni mbwembwe za ufundi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, kidogo kidogo, mpaka akabaki anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Nje ya nyumba hakuna aliyejua, na yeye hakutaka ajue mtu. Alisema hakuna anayepeleka breki zake kwa kipofu.

Kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa macho. Mteja akiingia, baba anapokea, anauliza habari za nyumbani, huku mkono wake unaipapasa baiskeli kama anayekagua ng'ombe wa kununua. "Tairi ya nyuma hii imekwisha," anasema, kisha ananyamaza kidogo. Pale konani wifi anagonga mguu wa meza kwa spana. Akigonga mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Mara mbili ikisikika, baba anakohoa na kusema, "Au hebu niitazame vizuri." Mteja anaona binti anagongagonga kazi zake tu. Wengine walimtania baba kwamba binti yake ameota mizizi pale, siku moja watamkuta ametoa majani.

Mimi mahali pangu palikuwa kwenye kizingiti, kati ya karakana na jikoni. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni. Nilikaa pale kwa sababu ya mwanga, na kwa sababu mtoto akisikia mlio wa cheni anatulia. Nilichambua mboga, nilinyonyesha, nilikunja nepi. Mikono ilikuwa na kazi, macho hayakuwa nayo, yakawa yanatazama.

Ndipo akaja Kocha. Kocha ana vijana wanaoshindana kwa baiskeli za njia mbovu, zile za tairi nene na usukani uliojikunja chini kama pembe za kondoo dume. Mbele hazina gia za kubadilisha, zina duara moja tu la meno. Alileta moja ambayo meno yake yalikuwa yamelika, yamechongoka kama ya papa, na alikuja na duara jipya na cheni mpya, kwa sababu cheni iliyochoka inayala meno mapya kabla hayajazoea.

Lakini hakuja kwa ajili ya meno peke yake. Alisema msimu mzima vijana wake watazunguka kushindana, na gari lao linahitaji fundi wa kukaa nalo. "Fundi, wewe ubaki na sikio lako," akamwambia baba. "Mimi nipe huyu mwenye mikono."

Baba alijifuta grisi, kidole baada ya kidole. Kisha akasema, "Yeye si jiliwa, hajafungwa kwenye meza. Muulize mwenyewe."

Wifi alisema atatoa jibu siku ya kuichukua baiskeli.

Jioni alifua nguo zake zote, hata koti la mvua, na ilikuwa kiangazi. Sikuuliza. Tulipokuwa tunaanika, akaniambia akiwa nyuma ya shuka, nisimwone uso. Kama baba ataweza kulifunga lile duara peke yake, kwa vidole, basi yeye ataenda. Akishindwa, na yeye ameondoka, habaki mtu wa kumwangalizia baba kazi, na siku moja ataruhusu baiskeli mbovu itoke, mtoto wa watu aanguke. "Hapo tutakuwa tumeua mara mbili," akasema. Nikajua kwamba "mara mbili" ni yule mtoto wa watu, na baba.

Hatukumwambia baba. Lakini siku iliyofuata, baada ya chai, alisema wifi asiguse kitu. Akae tu.

Baiskeli ilikuwa imening'inizwa kwa kamba kutoka darini. Baba alifungua mkono wa pedali, akalegeza boliti za duara la zamani, kidole kimoja kimeishika nati kwa nyuma isizunguke. Akapangusa pale duara linapokalia kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kila boliti akaipaka grisi kwa ncha ya kidole, kiasi cha punje, maana ukiifunga kavu italia kama panya kila mara mtu akikanyaga pedali. Akalitafuta tundu la alama kwenye duara jipya, akalipeleka nyuma ya mkono wa pedali panapotakiwa. Akakaza boliti kwa kupokezana, moja ya huku, nyingine ya ng'ambo, kidogo kidogo, duara lisije likainama. Alilizungusha huku ukucha wake umeligusa kwa pembeni. Halikuyumba.

Nilimtazama wifi. Mabega yake yalikuwa yanashuka, kama mtu anayetuliwa mzigo.

Ikabaki cheni. Meno ya baiskeli zile hayafanani. Moja nene, linalofuata jembamba, hivyo hivyo mpaka duara linaisha. Cheni nayo ina nafasi pana na nafasi finyu, zinapokezana. Jino nene liingie kwenye nafasi pana. Ukikosea kwa jino moja, cheni haiketi. Inapanda juu ya meno na kuzunguka juu juu, na ikikutana na mawe inaruka, aliyeko juu anajikuta chini.

Baba akapapasa jino, akapapasa cheni, akaiweka. Akaiweka vibaya.

Akazungusha pedali. Akainama, akafumba macho. Cheni ilikuwa inanung'unika, hata mtoto aligeuza kichwa. Baba, ambaye husikia chembe ya mchanga ndani ya gololi, alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Imekaa," akasema.

Nilimwona wifi akifumba mdomo. Hakuna aliyekuwa amedanganyika mle ndani. Sikio lilikuwa limemwambia baba ukweli, na yeye alikuwa ameuficha ili binti yake apate kupita. Sasa alikuwa anangoja spana. Wifi akigonga mara moja, anaondoka, na uongo unabaki ndani ya baiskeli ya mtu. Akigonga mara mbili, anabaki pale mpaka mmoja wao afe. Spana ilikuwa mkononi mwake, imeinuliwa, haishuki.

Karibu na mguu wangu kulikuwa na spana ndogo ambayo mtoto alikuwa ameichezea. Nikaiokota, nikagonga kizingiti. Mara mbili.

Baba akageuza uso, si konani, bali mlangoni kwangu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba."

"Umeona nini, mama mtoto?"

"Jino nene limeingia nafasi finyu."

Huko nje mtu alipita akivuta mkokoteni. "Irudishe mahali pake," baba akasema.

Nikampa wifi mtoto kwa juu ya meza. Nikainua cheni, nikaisogeza jino moja, nikaiachia. Baba akazungusha. Safari hii haikunung'unika. Ilipita kimya kama maji kwenye jani la mgomba. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa grisi, sikujua niviweke wapi.

Baba akasimama, akavuta kiti chake pembeni, njia ya kona ikafunguka. Akamwambia wifi, "Toka. Mpishe mwenzio akae."

Kocha alikuja mchana na gari. Begi la wifi lilikuwa tayari, na lile koti la mvua juu yake. Alimkumbatia baba, ambaye alimpapasa kichwa na kumwambia akaze boliti zake na asimsumbue Kocha. Mlangoni alinishika mkono ule wenye grisi.

"Wifi, mimi sikukuomba."

"Najua."

"Utasema niliondoka nikakuachia kutu."

Nikamwambia aende, gari linachoma mafuta. Alicheka, lakini safari hii hakuwahi, machozi yalitangulia.

Nikapita upande upande kama kaa, mtoto mgongoni, nikaketi kwenye kigoda. Kimelika katikati kwa kukaliwa, kinakupokea kama kilikuwa kinakusubiri. Baba akarudisha kiti chake. Nilitazama mlango wa jikoni, sufuria yangu ilikuwa motoni na sikuweza kuifikia.

Mteja akaingia akiburura baiskeli. Baba akamuuliza habari za nyumbani, mkono ukashuka kwenye gurudumu.

"Breki za mbele hizi zimekwisha," akasema, akanyamaza.

Nikatazama vizuri. Nikagonga mara moja.